Jiko Moja, Makarai Mawili



Wasomaji wetu watukufu, barua tuliyoichagua juma hili imetoka Meru, mtaa wa Majengo, kwa mama mmoja mzaliwa wa Pwani aliyeolewa huko miaka kumi na mmoja iliyopita. Binti yake wa miaka saba ameugua kwa muda mrefu: tumbo hujaa, kuharisha hakukomi, damu hupungua kila apimwapo, na kimo chake kimesimama ilhali wenzake wanarefuka. Alitibiwa minyoo, akatibiwa ameba, akasomewa pia, hata daktari mmoja akaagiza damu ipimwe kwa namna maalumu, kisha utumbo wake ukachunguzwa, na jibu likawa kwamba mtoto ana ugonjwa wa siliaki. Amri ya daktari ilikuwa fupi. Mtoto asile ngano, wala shayiri, wala nafaka ya Ulaya iitwayo rai, maisha yake yote.

Mama alitii. Lakini nyumba wanayoishi ni ya ukoo. Mama mkwe yumo, wifi wawili wamo, jiko ni moja, oveni ni moja, karai la kukaangia ni moja. Mtoto amemaliza miezi mitatu hajatia chapati mdomoni, na bado tumbo linamuuma. Mama alipojaribu kumtengea mtoto vyombo vyake, mama mkwe alinyamaza siku mbili nzima, kisha akasema kwamba hajapata kuona maradhi yanayowafanya watu waione sufuria ya nyanya yao kuwa najisi. Sasa Ramadhani iko mlangoni, na mwandishi wetu anatuuliza kama hana budi kujenga jiko lake mwenyewe.

Jibu letu ni hapana. Hana haja ya jiko la pili. Anahitaji vyombo vichache vya pili, na zaidi ya vyombo anahitaji utaratibu wa nani hutangulia. Tutalieleza hilo kwa urefu, kwa kuwa tunaamini nyumba hii si ya peke yake.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ndani ya ngano, shayiri na rai mna protini iitwayo gluteni. Ndiyo inayoupa unga wa ngano ule mnato tunaoupenda, hata chapati ikasukumwa ikawa nyembamba bila kukatika na hamri likaumuka likawa na tumbo wazi. Kwa watu wengi gluteni ni chakula tu. Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili huikosea gluteni, ikaanza kuushambulia utumbo mwembamba wa mwenyewe. Vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula hulala na kulika, na mtoto akawa anakula lakini hafaidi. Huo si mzio wa kawaida wa kuwashwa na kuvimba mdomo, na wala si kudeka. Ugonjwa huu hutembea katika damu ya ukoo, na hauna dawa ya kumeza. Dawa yake ni kuiacha gluteni, na utumbo, kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, hujirudi wenyewe pole pole.

Mama mkwe anauita maradhi ya kizungu, na hatumlaumu, kwa maana waliougundua mlango wake ni Wazungu. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa ameshuku ngano tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, Uholanzi ilipopatwa na njaa na mkate ukaadimika, watoto waliokuwa na maradhi haya walionekana kupata nafuu wakati wengine wakidhoofika, na mkate uliporudi nao wakarudi vitandani. Mwaka 1950 aliandika tasnifu yake juu ya jambo hilo. Lakini maradhi yenyewe hayachagui Mzungu. Miongoni mwa watu wote wanaojulikana duniani, waliopatikana kuwa nayo kwa wingi mno ni Wasaharawi, Waislamu wa jangwa la magharibi ya Afrika. Watoto wao walipopimwa, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999, zaidi ya watano katika kila mia walikuwa nayo, ilhali kadirio la dunia nzima ni kama mmoja katika mia. Basi mama mkwe asione kwamba mjukuu wake ameletewa kitu cha ugenini.

Sasa tuje kwenye swali lililomshinda mama: mtoto ameacha ngano, mbona haponi?

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Chapati moja iliyotokana na gramu 50 za unga wa ngano ina gluteni kama gramu 4. Wataalamu wa Italia, katika uchunguzi wao wa mwaka 2007, waliona kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, zikiendelea kwa miezi mitatu, zatosha kuudhuru utumbo wa mwenye siliaki. Yaani ukiikata chapati ile vipande themanini, kipande kimoja tu kila siku kinatosha kumrudisha mtoto alikotoka. Hicho si chakula cha kushikwa kwa vidole viwili. Ni makombo yaliyobaki katika ufa wa mwiko, au chembe za unga zilizoganda pembezoni mwa karai, au tone la mchuzi lililochovywa na mkono ulioshika mkate. Kwa sababu hiyo kanuni za vyakula za kimataifa zinataka chakula kiitwacho hakina gluteni kisizidi miligramu 20 katika kilo nzima.

Wala moto hausaidii. Wengi hudhani kwamba kitu kikichemka au kikiunguzwa kimesafika, kwa kuwa tumezoea kuwaza habari za vijidudu. Gluteni si kijidudu. Haina uhai wa kuuawa. Ukiikaanga, ni gluteni iliyokaangwa.

Mshukiwa wetu wa kwanza, basi, ni lile karai. Katika nyumba zetu mafuta ya kukaangia hayamwagwi kila siku, na ni haki yasimwagwe, kwa bei ya mafuta ya leo. Jioni ya leo yamekaanga sambusa na kaimati. Kesho yatakaanga mihogo, bhajia za dengu na katlesi. Mama humpa mtoto bhajia akijua dengu haina gluteni, na ni kweli haina. Lakini chini ya yale mafuta mmelala unga wa sambusa za jana. Mwaka 2021 huko Marekani ulichapishwa uchunguzi mdogo wa viazi vya kukaanga vilivyonunuliwa katika mikahawa kumi, vyote vikiwa vimekaangwa katika mafuta yanayokaangia vitu vya ngano pia. Robo ya sahani zilizopimwa zilipita kile kiwango cha miligramu 20. Viazi vitupu, visivyo na kitu ila chumvi! Na viazi karai vyetu vya Mombasa vina ila nyingine tena, kwa kuwa ule ugiligili vinavyochovywa, kwa wapishi wengi, una unga wa ngano ndani yake.

Suluhisho ni karai la pili, dogo, la mtoto, lenye mafuta machache. Asiyeweza kununua mafuta ya makarai mawili na ashike kanuni hii: mafuta yasafiri upande mmoja tu. Mafuta mapya yaanze kwa mtoto. Yakaange mihogo yake, samaki wake, bhajia zake. Yakiisha kumtumikia, yahamie katika karai kubwa la watu wote, yakaange mahamri na sambusa mpaka yachoke. Yasirudi nyuma kamwe. Kwa njia hiyo hakuna tone linalopotea, na hakuna israfu ambayo mama mkwe ataweza kuisema.

Kanuni hiyo hiyo ya kumtanguliza mtoto ndiyo tunayotaka itawale jiko zima, kuanzia maji ya kuchemshia. Watafiti wa hospitali moja ya watoto mjini Washington, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2020, walichemsha tambi zisizo na gluteni ndani ya maji yaliyokwisha kuchemshia tambi za ngano, nazo zikatoka zimekipita kiwango. Ziliposuuzwa kwa maji safi, gluteni ilipungua. Walijaribu pia tosta. Walichoma mkate usio na ngano katika tosta iliyotumika kwa mkate wa kawaida, wakapima, na vipande vyote vikawa chini ya kiwango. Tulipoyasoma hayo tulishangaa, kwa kuwa kila mtu huanza kwa kuiogopa tosta. Hatusemi makombo yadharauliwe. Tunasema kwamba mama mwenye nguvu chache asizimalize kwa kuinunulia nyumba tosta ya pili hali karai ni moja na maji ya tambi yanatumika mara mbili. Tosta na ikung'utwe, isafishwe, mtoto awe wa kwanza asubuhi, yatosha.

Oveni nayo si adui. Kuta zake za chuma hazimpi mtoto kitu. Kinachohofiwa ni sinia lililookewa mkate wa mayai likapanguswa kwa kitambaa tu, na rafu zilizomwagikiwa. Chakula cha mtoto kiwe katika chombo chake, kifunikwe kwa karatasi ya aluminiamu, kikae rafu ya juu ili kisidondokewe na cha wengine, na kiokwe kwanza. Mikrowevu ni vivyo hivyo, kifuniko tu. Blenda ina hila yake: chini ya visu mna duara la mpira, na chini ya mpira huo hukaa uji wa juzi. Ifunguliwe yote, mpira utolewe, usuguliwe kwa sabuni.

Katika vyombo vyenyewe, kigawanyo tunachokipendekeza ni hiki: kilicho laini kama kioo hushirikiwa, na chenye vinyweleo, nyufa au matundu hutengwa. Sufuria ya aluminiamu au ya chuma kisichoshika kutu, sahani za kauri, vijiko, upawa wa chuma, bilauri, vyote hivyo vikisuguliwa kwa maji moto na sabuni na kusuuzwa, ni vya mtoto kama vilivyo vya baba yake. Lakini mwiko wa mbao hunywa. Kibao na kifimbo cha kusukumia chapati havijapata kutoka katika unga tangu viliponunuliwa. Chuma cha chapati hakioshwi kwa sabuni katika nyumba nyingi, na wenye kukioga sabuni huambiwa wamekiharibu. Basi kibaki cha chapati, na vibibi vya mtoto vipate kikaango chao. Chungu cha udongo, chujio, kung'uto na chekeche haviwezi kusafika kwa uhakika, kwa kuwa unga hujificha katika kila tundu. Dodoki la kuoshea lililosugua bakuli la kukandia lisisugue kikombe cha mtoto. Mbuzi ya kukunia nazi haina neno, ila isiwekwe mezani wakati unga unapochekechwa.

Juu ya unga wenyewe tunaomba radhi kwa kusisitiza. Anayechekecha unga wa ngano jikoni huujaza hewani, na unga ule hauteremki mara moja. Hukaa ukielea, kisha ukatua juu ya kila kilicho wazi. Saa ya kukanda mahamri iwe baada ya chakula cha mtoto kupikwa na kufunikwa. Meza ipanguswe kwa kitambaa kilichorowa, si kwa ufagio mkavu unaoliamsha vumbi upya. Mikono ioshwe kwa sabuni. Hao watafiti wa Washington walijaribu pia habari ya mikono ya watoto, wakaona maji na sabuni ndiyo yanayoshinda, na hilo kwa watu wanaotawadha mara tano kwa siku si mzigo mpya. Ni kuongeza sabuni tu.

Vyombo vya mtoto vitambulikane. Mama mmoja tunayemjua amefunga uzi mwekundu katika kila mpini, na hata mtoto wa miaka minne katika nyumba ile anajua kwamba uzi mwekundu hauingii kwenye unga. Rafu yake iwe ya juu, kwa kuwa unga huanguka kwenda chini, haupandi. Na siagi, jemu na asali zisizokuwa katika chupa ya kuminywa zigawanywe mara zinapofunguliwa, kabla kisu chenye makombo hakijachovywa humo.

Tumekwisha kusema ya vyombo, na tunajua kwamba si vyombo vilivyomnyamazisha mama mkwe siku mbili. Alichokisikia yeye ni kwamba chungu chake kimeitwa kichafu, na kwa mwanamke aliyelea ukoo kutoka katika chungu hicho, hilo ni neno zito. Hapa tunadhani mwandishi wetu ana njia nzuri, na njia hiyo imo katika mji wake.

Waislamu wanaoishi Meru na Embu wana adabu moja ambayo sisi wa Mombasa, Malindi na Lamu tunaweza kuisahau kwa sababu ya kuzungukwa na wenzetu. Wao wamekaa miaka mingi katikati ya majirani wema wasio wa dini yao. Wakialikwa harusini, au wakiingia hotelini njiani, huuliza kwa upole: nyama hii imechinjwa na nani, na karai hili limekaangia nini kabla ya samaki huyu? Huuliza bila kumdharau mwenye nyumba, na mwenye nyumba, akiwazoea, huwawekea sufuria kando na hata humwita Mwislamu wa jirani aje kuchinja. Mama mkwe bila shaka ameuliza swali hilo mara mia katika umri wake. Aombwe basi aliulize mara moja zaidi, kwa ajili ya mjukuu. Jambo ni lile lile la kujua chombo kilitumikaje kabla.

Ila tofauti isemwe wazi, tena isemwe mbele yake. Ngano si najisi. Ni riziki halali na neema, na sufuria yake ni tohara kama ilivyokuwa siku zote. Kinachoepukwa ni madhara kwa mwili wa mtoto mmoja, na kuondoa madhara ni mlango mkubwa katika sheria yetu. Mafakihi wameujengea kanuni nzima. Na tofauti ya pili ni kwamba katika tahara tumefundishwa kutazama rangi, harufu na ladha. Gluteni haina hata moja kati ya hizo. Ndiyo maana macho ya mpishi hodari, hata awe nyanya wa miaka sabini, hayatoshi, na ndiyo maana utaratibu unahitajika. Wapo wanaosema, sema bismillahi umpe ale. Bismillahi tunaisema na tunaitegemea; lakini hatujaona mtu akiitumia kutoa chumvi iliyozidi katika mchuzi.

Rai yetu ni kwamba karai dogo akabidhiwe mama mkwe mwenyewe. Awe ndiye mlinzi wake, asiguswe mtu bila idhini yake. Mwanamke huyu ametawala jiko kwa miaka mingi, na atakilinda kile alichopewa kukilinda kuliko alichonyang'anywa.

Tukitoka nje ya nyumba, Meru na Embu ni nchi yenye baraka kubwa kwa mwenye maradhi haya, na ina mtego wake. Upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, kule Timau na nyanda za Buuri, ni mashamba ya ngano na shayiri hata upeo wa macho. Lakini ukiteremka nyanda za joto za Tharaka na Mbeere, unakuta mtama, uwele, pojo na kunde, na vyote hivyo havina gluteni. Mchele wa Mwea hulimwa Kirinyaga, mlangoni pa Embu. Ndizi, nduma, viazi vitamu na muhogo viko kila soko. Githeri na mukimo wa wenyeji ni salama kwa asili yake, almuradi mpishi hakutia kikolezo cha pakiti chenye ngano. Mtoto huyu anaweza kushiba mwaka mzima bila kununua kitu kimoja cha bei ya juu kutoka rafu za Nairobi. Na mapishi yetu ya Pwani yanamfuata vizuri: vitumbua, vibibi, mkate wa kumimina, vyote vya mchele, wali na pilau, muhogo wa nazi, na mkate wa mofa ule wa wazee uliokuwa wa mtama kabla ngano haijautawala. Asile tambi wala bokoboko ya ngano, na unga wa uji wa mchanganyiko usinunuliwe bila kusoma pakiti, kwa sababu baadhi yake hutiwa ngano.

Mtego ni kinu cha kusagia. Mashine ya mtaani husaga mahindi ya huyu, mtama wa yule, na palipo na wakulima wa ngano husaga ngano pia, wala haioshwi baina ya mteja na mteja. Unga wa wimbi ulio safi kabisa ulipoingia unaweza kutoka umebeba ngano ya aliyetangulia. Na sokoni, gorogoro moja hupima kila nafaka katika safu. Nafaka nzima ina wepesi: hupetwa kwa ungo, huchambuliwa kwa mkono, punje ya ngano ikaonekana na kutolewa, kisha ikaoshwa na kuanikwa. Unga haupetwi. Kwa hiyo mama anunue nafaka nzima, aichambue, aioshe, aianike, kisha atafute mwenye kinu asiyepokea ngano kabisa, na amweleze kwa nini anauliza; wenye vinu wengi ni wazazi nao. Asipompata, bora kinu na mchi wa nyumbani, au mashine ndogo ya mkono iliyo ya mtoto peke yake. Kuna wanaomwomba mwenye kinu asage kwanza kilo mbili tatu za mahindi ya watu wa nyumbani ndipo waingize ya mtoto. Hiyo hupunguza, haiondoi, na kwa mtoto ambaye utumbo wake bado haujapona sisi tusingeitegemea.

Halafu kuna Ramadhani, na ile desturi yetu njema ya kupelekeana futari. Sahani huvuka uani kila jioni, na haiulizwi imetoka karai gani. Mama apokee kila sahani kwa shukurani na bashasha, aitie mezani, na mtoto asiile. Hilo ni gumu kwa mtoto wa miaka saba kuliko tunavyoweza kuliandika. Ajuaye hayo humwandalia sahani yake mwenyewe yenye kitu kimoja kizuri kuliko vya wengine wote, vitumbua vya moto kwa mfano, na huiweka mezani kabla ya adhana, si baada ya mtoto kuanza kulia. Tena afanye na ndugu zake waombe kuonja.

Mwandishi wetu ametaja pia kwamba likizo ijayo mtoto ataenda Embu kwa shangazi yake, na anaogopa. Asimzuie. Mtoto akienda na begi lake lenye sufuria ndogo, mwiko, dodoki, kikaango na kilo kadhaa za unga uliosagwa nyumbani, shangazi hatakuwa na mengi ya kubuni. Aandikiwe karatasi moja, si kumi. Aambiwe mambo matatu: mtoto hupikiwa kwanza, mafuta yake ni mapya, na unga wa chapati haukandwi mpaka sahani yake imefunikwa. Shangazi akiyashika hayo matatu, mengine mengi yatajishika. Na yeye shangazi, kwa kuwa ni damu moja na mtoto, ana sababu yake mwenyewe ya kuuliza habari za tumbo lake.

Hapo ndipo tunapomwomba mama asifanye haraka katika jambo moja. Ameandika kwamba, kwa kuchoka na vita vya jikoni, anafikiri kuiondoa ngano katika nyumba yote, watu wote waiache, wakiwamo watoto wake wengine wawili. Asubiri kwanza. Ndugu wa tumbo moja na mgonjwa wa siliaki, pamoja na wazazi wake, wana hatari kubwa kuliko watu wengine ya kuwa nao, kama mmoja katika kila kumi, na wengi wao hawana dalili yoyote. Kipimo cha damu hutafuta alama ambazo mwili huzitoa unapokutana na gluteni. Mtu akiiacha ngano miezi kadhaa kisha akapimwa, alama zile huenda zimekwisha kufifia, na jibu likasema ni mzima hali si mzima. Basi baba, mama na wale watoto wawili waendelee kula chapati zao kama kawaida, waende hospitali ya rufaa waombe kupimwa, na majibu yakiisha kupatikana ndipo nyumba iketi kuamua nani ale nini. Ametutajia kwamba yule mdogo wa miaka minne naye ni mfupi kwa umri wake. Tungeanza na huyo.